Kila kazi ina kiungo inachokila

Nikiingia mahali papya pa kazi sianzi na mabango ya usalama yaliyobandikwa ukutani. Naanza na watu waliokaa hapo miaka mingi kuliko wote, hasa wale wa ngazi ya chini. Natazama mikono yao, wanavyoinuka kwenye kiti, wanavyokohoa asubuhi, wanavyoitikia wakiitwa kutoka nyuma. Seremala wa mashine asiye na ncha ya kidole cha shahada amekwisha kukueleza habari za msumeno ule kabla hujamuuliza. Mpiga chapa anayetaka kila neno lirudiwe naye amekueleza. Muuguzi anayeshika kiuno kabla ya kuinama naye vilevile.

Nimepitia kazi za aina mbalimbali: kibarua wa ujenzi, msaidizi katika karakana ya vyuma, msafishaji wa zamu ya usiku kwenye majengo ya ofisi. Siku hizi kazi yangu ni ya kompyuta, na wenzangu wamenichagua niwe mwakilishi wao wa usalama. Katika kuhamahama huko nimeona kwamba kila kazi ina kiungo inachokila, na mara nyingi sicho kile ambacho mtu anakihofia. Kibarua huhofia kuanguka, wakati mapafu yake yanaliwa polepole. Msafishaji huhofia kuteleza, wakati ngozi na kifua chake ndivyo vinavyolipa. Ukijua mapema kazi yako inakitaka kiungo gani, utajua pa kuweka tahadhari zako, na pa kuweka ubishi wako pia.

Hesabu za dunia zinaelekea huko huko. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kwamba watu karibu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi. Ajali huua kama 330,000 kati yao. Waliobaki, yapata milioni 2.6, huuawa na magonjwa. Kwa kila anayekufa kwa ajali, karibu wanane hufa kwa ugonjwa, na hakuna anayeitisha mkutano wa dharura kwa ajili yao.

Vumbi unalolitema na vumbi usiloliona

Nianze na mapafu, kwa sababu hapo ndipo nilipoona watu wakidanganyana kwa nia njema kabisa. Fundi niliyekuwa namsaidia kukata matofali ya zege alikuwa akitupa vitambaa tujifunge puani, anatuambia, "Vumbi hili halina neno, jioni utalitema lote." Aliyaamini maneno yake. Na ni kweli, lile la kutema hulitema, maana pua na koo vimeumbwa kulinasa. Linaloua ni lile dogo mno, chembe za silika zilizo chini ya maikromita 10, ambazo jicho halizioni. Hizo hushuka mpaka kwenye vifuko vya hewa. Seli za ulinzi za mwili huzimeza, hushindwa kuzisaga, hufa, na mahali hapo huota kovu. Makovu yakijaa mapafu hukakamaa. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hakuna dawa ya kuyaondoa makovu yake, unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na humweka mgonjwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu.

Silika imo kwenye mchanga, zege, tofali, vigae na granaiti. Imejaa zaidi kwenye yale mawe yanayotengenezwa viwandani kwa ajili ya meza za jikoni, ambayo mengine zaidi ya asilimia 90 yake ni silika. Australia, baada ya kuona vijana wanaoyakata wakiugua mapafu ndani ya miaka michache tu ya kazi, iliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Hawakuishia kuwaambia mafundi wavae barakoa. Waliiondoa bidhaa yenyewe.

Kwako wewe unayekata zege, dawa ya kwanza ni maji. Tumia mashine iliyotengenezwa kukatia kwa maji, au yenye kifyonza vumbi kilichofungwa kwenye diski. (Grenda ya kawaida ya umeme usiimwagie maji, utahama kwenye mapafu uhamie kwenye moyo.) Usifagie vumbi kavu, nyunyiza kwanza. Usijipulize nguo kwa kompresa jioni, kwa sababu unalirusha upya lile dogo, na hewa ya mgandamizo ikipenya kwenye kidonda au tundu la mwili inaweza kuua. Kitambaa hakizuii silika, wala barakoa nyembamba ya hospitali haizuii, maana hewa hupita pembeni. Inayofaa ni barakoa ya kuchuja chembe, ile iliyoandikwa N95, FFP2 au zaidi, tena iwe imeukamata uso pande zote. Mwenye ndevu nyingi aelewe kwamba hewa itapita kwenye ndevu. Najua jambo hili huleta maneno, lakini barakoa haijui heshima ya mtu.

Mabati ya asbesto ya zamani yana kanuni yake fupi: usiyakate, usiyatoboe, usiyavunje kwa nyundo. Saratani ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto aghalabu hujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye. Kwa hiyo mzee mmoja kukuambia "mbona mimi nimeyabomoa mengi na niko salama" si ushahidi wa chochote.

Masikio

Kipimo kisichohitaji kifaa ni hiki: simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti ndipo msikilizane, kelele hapo huenda imeshapita desibeli 85, na 85 ndicho kiwango ambacho wataalamu wengi hukiweka kuwa mwisho kwa saa 8 za kazi. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, inafundisha hesabu ambayo ningependa kila karakana iiandike mlangoni: kila kelele ikipanda desibeli 3, muda ulio salama hupungua kwa nusu. Kwenye 88 una saa 4. Kwenye 91, saa 2. Kwenye 100, ambako grenda hufika bila taabu, una dakika 15.

Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Na havifi kwa maumivu. Mtu huanza kwa kusikia sauti za watu bila kukamata maneno, hasa penye watu wengi, kisha familia inamwona mkaidi. Vizibo vya sponji ni rahisi na vinafaa, lakini wengi huviweka mlangoni mwa sikio kama pambo. Kisokote kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kisukume ndani, kishikilie mpaka kitanuke. Mtu akikutazama usoni akakiona kinachungulia nje, hakijaingia.

Mashimo, matangi na wanaojitosa kuokoa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo hatari inayoua watu wawili au watatu kwa mpigo, na karibu kila mara wa pili na wa tatu ni watu wenye moyo mzuri.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Chini ya 19.5 huhesabiwa kuwa hewa pungufu, na ikikaribia 10 mtu huzimia. Ubaya ni kwamba mwili hautoi onyo. Unapobanwa pumzi, kinachokusumbua ni kaboni dayoksaidi kulundikana ndani yako, wala si oksijeni kupungua. Katika tangi ambalo oksijeni imekwisha, unapumua vizuri kabisa, huhisi lolote, kisha magoti yanalegea. Na oksijeni huisha kwa njia ambazo hazina harufu wala moshi. Tangi la chuma lililofungwa muda mrefu, kutu yake imeila oksijeni. Ghala la nafaka lenye unyevu, nafaka imeitumia. Pipa la kuchachushia, kaboni dayoksaidi imeisukuma nje.

Shimo la majitaka lina la kwake: gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Watu husema wataingia na wakisikia harufu inazidi watatoka. Gesi hiyo ikiwa nyingi, yapata sehemu 100 katika milioni, huiua nguvu ya pua kunusa. Harufu inapotoweka, mtu anadhani gesi imepungua, na ndipo imekuwa kali.

Mfuatano wa tukio lenyewe unajulikana sana. Mmoja anashuka, anaanguka. Mwenzake anamwona amelala chini, anapiga kelele, anarukia ndani, anaanguka. Wa tatu anafuata. Mwaka 1986 NIOSH ilitoa onyo kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo ya kufungika kama haya walikuwa ni waokoaji. Nilipoisoma mara ya kwanza sikuamini. Kisha nikajiuliza mimi mwenyewe ningefanya nini nikimwona mwenzangu amelala pale chini, nikaamini.

Kwa hiyo makubaliano hufanywa kabla ya kushuka, wakati vichwa vimetulia. Hewa ipimwe kwa kifaa kinachosoma oksijeni, gesi zinazolipuka na gesi za sumu, kuanzia juu, katikati hadi chini. Feni ipulize hewa safi muda wote, si kabla tu. Anayeshuka avae mkanda wa mwili mzima wenye kamba iliyofungwa kwenye winchi juu, ili anayebaki nje aweze kumvuta bila kuingia. Anayebaki nje haondoki hata kidogo, na anaapa kwamba hataingia. Kibatari au mshumaa si kipimo; hakioni gesi ya sumu, na penye methani kitalipua shimo zima. Kama hakuna kifaa cha kupimia wala kamba, kazi haipo siku hiyo. Katika mambo yote ya makala hii, hili ndilo ambalo sina nafasi ya kujadiliana na mtu.

Chupa isiyo na jina

Kazi ya usafi hudharauliwa hata kwenye mafunzo ya usalama. Watu wa mitambo hupewa semina, wasafishaji hupewa ndoo. Lakini msafishaji hushika kemikali nyingi kwa usiku mmoja kuliko wengine jengoni humo kwa mwezi, tena akiwa peke yake vyooni, dirisha limefungwa.

Dawa ya klorini ya kung'arishia, ikikutana na dawa ya tindikali ya kuondolea madoa chooni, hutoa gesi ya klorini papo hapo. Ikikutana na yenye amonia hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Huhitaji kukusudia kuchanganya. Inatosha kumwaga ya pili kabla ya kuisuuza ya kwanza. Nilikuwa nafanya zamu na dada mmoja aliyekuwa na ushauri mmoja tu kwa kila mgeni: "Dawa moja, sinki moja, suuza, ndipo ushike nyingine." Umenifaa kuliko kijitabu chote tulichopewa.

Jambo la pili ni chupa. Dawa hununuliwa kwenye galoni kubwa, kisha hugawiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Hapo alama zimepotea, ile almasi yenye ukingo mwekundu inayoonyesha kama kitu kinaunguza, kinalipuka au kina sumu. Siku moja mtu mwenye kiu atainyanyua. Andika jina kwa kalamu isiyofutika hata kama chupa ni ya kutumia saa moja, na chupa ya kinywaji usiiguse kabisa kwa kazi hiyo.

Wakulima na wapulizaji wa viuatilifu, lenu linafanana na hili ila lina ukali zaidi, kwa sababu aina nyingi za viuatilifu hupenya kwenye ngozi bila kuchoma. Mtu anajiona mzima, kumbe bomba la mgongoni linavuja na shati limelowa. Mate kujaa mdomoni, jasho jingi, macho kuona ukungu na mboni kuwa ndogo kama ncha ya sindano ni dalili za kwenda hospitali upesi, na lebo ya dawa mkononi. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, mbali na za watoto.

Mafundi ujenzi, nanyi msidhani saruji mbichi ni tope. Ni alkali kali. Ukiipigia magoti suruali ikalowa, haitakuuma muda huo; saa kadhaa baadaye utavua suruali na ngozi. Osha kwa maji mengi mara tu inapokugusa.

Mgongo, na mkanda unaouzwa kama kinga

NIOSH iliposhughulikia kanuni ya kunyanyua mizigo ilianza na kilo 23, na hizo ni kwa hali iliyo bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, kimo cha kiuno, una pa kushika, hujipindi, hunyanyui mara kwa mara. Ukitoka kwenye hali hiyo, kilo zinapunguzwa. Sasa linganisha na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioko sakafuni. Hakuna namna ya "kunyanyua kwa magoti" itakayoufanya mfuko huo uwe salama kwa mtu mmoja siku nzima. Semina za kunyanyua vizuri nimezihudhuria, na maoni yangu ni kwamba nyingi huhamisha lawama kutoka kwenye mzigo kwenda kwa mbebaji. Kinachosaidia ni toroli, mfuko mdogo zaidi, meza ya kuweka mzigo kimo cha kiuno, na mtu wa pili.

Ile mikanda mipana ya kiuno inayovaliwa na wapagazi, NIOSH iliichunguza na mwaka 1994 ikasema haina ushahidi kwamba inamkinga mtu mwenye mgongo mzima asiumie. Usitumie fedha yako huko.

Wauguzi huonekana wako kwenye kazi safi, nao hubeba watu wazima wasioweza kujisogeza, jambo ambalo mpagazi angelikataa. Wao wana hatari ya sindano pia. Kwa asiyechanjwa, kuchomwa na sindano yenye virusi vya homa ya ini B kunaweza kumwambukiza kwa uwezekano unaofika asilimia 30. Kwa VVU ni karibu asilimia 0.3. Hofu ya watu imekaa kwenye VVU, na hatari kubwa iko upande wa pili, ambao una chanjo. Chanjwa. Usirudishe kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji, toa taarifa muda huo huo; dawa za kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72.

Usiku, saa nyingi, na kiti

Mwaka 2021 ILO na Shirika la Afya Duniani walitoa hesabu kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17. Walikadiria vifo 745,000 kwa mwaka 2016 pekee. Hapa ndipo watu wa ofisini waache kucheka wakisikia neno usalama kazini. Kiti kinaumiza, macho yanachoka, kifundo cha mkono kinakufa ganzi, yote ni kweli na yote yana marekebisho: skrini iwe kimo cha macho, miguu iguse sakafu, uinuke mara kwa mara. Ila saa ndizo zinazoua, na kiti kizuri hakizipunguzi.

Zamu ya usiku ina mengi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Lililo karibu zaidi ni safari ya kurudi nyumbani asubuhi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Kama una gari au pikipiki, lala hata nusu saa kazini kabla ya kuondoka. Madereva wa masafa marefu wanajua ninachosema, na wanajua pia kwamba muziki wa sauti kubwa hauondoi usingizi.

Mgeni wa kazi

Ukiniuliza nani yuko hatarini kuliko wote, sitataja kazi. Nitamtaja mgeni. Kwenye kazi za juani, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, inasema karibu nusu ya vifo vya joto hutokea siku ya kwanza ya mfanyakazi, na zaidi ya asilimia 70 katika wiki ya kwanza. Mwili unahitaji siku kadhaa kujifunza kutoa jasho vizuri na kutunza chumvi. Kwa hiyo mgeni huanza na sehemu ya tano tu ya kazi ya joto siku ya kwanza, kisha huongezewa sehemu moja kila siku. Yule mgeni anayejitahidi kuonyesha kwamba hachoki ndiye wa kuangaliwa. Maji yanywewe kidogo kidogo kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Mtu akianza kuropoka au kuyumba, huo si uvivu: mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na ita msaada wa hospitali.

Helmeti ni ya mwisho

Watu wa fani hii wana mpangilio wanaoufuata. Kwanza ondoa hatari yenyewe. Isipowezekana, badilisha kitu kwa kingine kisicho na madhara makubwa. Kisha weka kizuizi: kinga ya mashine, kifyonza moshi, ukingo wa jukwaa. Kisha panga kazi upya: zamu fupi, watu wachache karibu. Mwisho kabisa ndipo vifaa vya mwilini. Sehemu nyingi nilizopita mpangilio huo ulikuwa umegeuzwa kichwa chini. Unapewa glavu na helmeti, na hapo wakubwa wanahesabu wamemaliza.

Tena kifaa kikivaliwa pasipopaswa huumiza. Glavu kwenye drili ya meza au mashine ya leithi ni kosa kubwa: kitu kinachozunguka kikinasa uzi wa glavu kinavuta mkono wote. Hapo ni mikono mitupu, mikono ya shati iliyobana, pete na mikufu nje. Na mashine inayokarabatiwa izimwe kwenye swichi kuu, ifungwe kwa kufuli la anayeikarabati, ufunguo uwe mfukoni mwake mwenyewe, kisha ajaribu kuiwasha ahakikishe imekufa. Kibao cha "usiwashe" bila kufuli ni ombi tu.

Ngazi, kwa haraka: kila mita 4 za kwenda juu, tako lake liwe mita 1 kutoka ukutani, na kichwa chake kipite mita 1 juu ya pale unaposhukia.

Kukataa bila kufukuzwa

Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Washonaji wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliambiwa warudi kesho yake. Walirudi, jengo likaanguka, wakafa watu 1,134. Nyufa walikuwa wameziona wote. Kilichowatenganisha ni nani aliyekuwa na uwezo wa kusema leo haiwezekani.

Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981, katika ibara ya 13, unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa mahali ambapo ana sababu ya kuamini pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake. Ibara ya 21 inasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu Juni 2022 mkataba huo umo kwenye haki za msingi za kazi ambazo nchi wanachama wote wa ILO wanapaswa kuziheshimu. Ni vizuri kuzijua ibara hizi, ingawa sijawahi kuona nyapara aliyetulizwa kwa kusomewa ibara.

Kilichonifaa mimi ni namna ya kusema. Usiseme "siwezi" wala "naogopa". Utaitwa mvivu au mwoga na mazungumzo yameisha. Sema kazi utaifanya, taja kinachokosekana, na omba kitu kimoja. "Bosi, tutashuka mara tu kipimo cha hewa kikifika." Sema mbele ya mwenzako mmoja angalau, na ikiwezekana mwende wawili. Kisha tuma ujumbe mfupi kwenye simu unaorudia yale yale kwa adabu: saa, mahali, kilichokosekana, ulichoomba. Msimamizi aliyekuwa mkali kwa mdomo hubadilika mambo yakiwa kwenye maandishi, kwa sababu sasa uamuzi una jina lake.

Mwambie daktari unafanya kazi gani

Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 baadaye, nimekaa mbele ya madaktari wengi na waliowahi kuniuliza ni wachache. Usingoje kuulizwa.

Mchomeleaji aliyechomea mabati yenye zinki pasipo na hewa hupata, saa chache baadaye, homa, baridi, maumivu ya viungo na ladha ya chuma mdomoni. Ndani ya siku moja au mbili imekwisha. Inafanana sana na malaria au mafua, na wengi hunywa dawa za malaria, wanapona (wangepona tu), na wanaamini walikuwa na malaria. Wafanyakazi wa pamba nao wana kubanwa kifua kunakozidi siku ya kwanza ya wiki baada ya mapumziko. Daktari asiyejua kazi yako ataandika pumu au mafua na kukurudisha kule kule.

Kwa hiyo weka karatasi moja nyumbani. Andika kazi ulizofanya, tangu mwaka gani hadi gani, vumbi, moshi au dawa ulizoshika, na jina la bidhaa kama lilivyo kwenye kopo. Picha ya lebo kwenye simu inatosha. Ongeza dalili hupungua lini na huzidi lini: siku za kazi, likizo, usiku. Nenda nayo hospitali. Ukibadili kazi, ongeza mstari, usifute ya zamani, hata kama uliifanya miezi michache tu ukiwa kijana.